Uzi: Gari likishika usukani nusu na wewe nusu, nani anaendesha?

MwalimuWaBreki (mleta uzi)

Wanajukwaa, hamjambo. Nafundisha udereva hapa Nairobi, huu ni mwaka wangu wa 17. Ukiingia gari la shule ya udereva ukachungulia chini upande wa abiria, utaona breki ya pili. Hapo ndipo mguu wangu unaposhinda. Kwa hiyo lile swali linalowahangaisha wahandisi wa magari ya kujiendesha huko Ujerumani, Marekani na Japani, la mtu na mtambo kushika gari moja kwa wakati mmoja, mimi nalijua kwa goti na kisigino. Nataka tulizungumze kwa sababu limeshafika kwetu na sioni anayelitaja.

Nianze na kisa. Mwaka wangu wa pili kazini nilikuwa na mwanafunzi kwenye Barabara ya Jogoo, tunakaribia mzunguko wa City Stadium. Boda boda akatukata mbele akitokea kushoto. Nilinyoosha mkono nikauvuta usukani kulia. Mwanafunzi, kwa hofu, akaung'ang'ania kwa nguvu zake zote asiuachie. Kwa sekunde moja hivi tulikuwa watu wawili kwenye usukani mmoja, wote tuna nia njema, na gari halina dereva. Likaenda pale lilipotaka, likapanda ukingo wa katikati. Yule wa boda alipona kwa wepesi wake mwenyewe.

Tangu siku hiyo gari langu lina sheria moja ambayo mwanafunzi huijua kabla hajajua gia. Nikitaka usukani nasema "Nachukua." Haruhusiwi kunyamaza. Anajibu "Chukua" na kuinua mikono niione. Nikimrudishia nasema "Shika," naye hujibu "Nimeshika," ndipo naachia. Miaka ilipita nikaja kujua kwamba marubani nao hupokezana ndege kwa maneno ya aina hiyo: mmoja anatamka, wa pili anatamka, wa kwanza anathibitisha. Hakuna kudhani.

Sasa mwezi uliopita kaka yangu aliniazima gari lake aliloliagiza kutoka Japani. Nikiwa Barabara ya Thika, nimepita Roysambu, nikaona kipande cha tairi la lori kimelala njiani. Nikakikwepa kidogo bila indiketa, kama ambavyo yeyote kati yetu angefanya. Usukani ukanivuta kurudi nilikotoka. Haukuvuta kwa nguvu, lakini ulivuta. Niliutambua ule mkono mara moja. Ulikuwa mkono wangu mwenyewe pale City Stadium, ila safari hii mwanafunzi nilikuwa mimi.

Nilipofika nyumbani nilimuuliza kaka kama anajua gari lake linafanya hivyo. Akasema kuna siku huwa "linakaza usukani," alidhani ni tatizo la stiaringi, na fundi alikuwa ameshambadilishia kipuri. Gari lilikuwa linamsemesha, kwa Kijapani, na kwa mkono, na hakuna aliyemfundisha lugha yoyote kati ya hizo mbili.

Kwa asiyefahamu: juu karibu na kioo cha kujitazama nyuma kuna kamera inayosoma mistari ya barabara. Ikiona unavuka mstari bila indiketa, inachukulia kwamba umesinzia au umesahau. Baadhi ya magari hulia tu. Mengine hukusukuma usukani. Wameyatengeneza makusudi ili mkono wa mtu ushinde: ukikaza, linakuachia. Lakini mtu asiyejua kwamba kuna mwenzake kwenye usukani hutetereka, na kwa mwendo wa km 80 kwa saa gari hukata mita 22 kila sekunde ya kutetereka.

Nataka kusikia kutoka kwenu. Nani mwingine ameukuta mkono huo?

MwanaRongai

Mwalimu, kwa heshima zote, hizi habari ni za watu wenye barabara. Mimi natoka Rongai saa kumi na moja alfajiri ili nifike tauni saa moja. Magadi Road mistari yenyewe imefutika, matatu zinapanda hadi njia ya waenda kwa miguu. Hilo gari la kujiendesha litajiendesha wapi? Tuongee matuta yasiyo na rangi kwanza.

FundiKirinyaga

MwanaRongai, ngoja kidogo. Nafanya kazi ya vioo na bodi, karakana yetu iko Kirinyaga Road, na nakwambia magari anayosema mwalimu yanaingia kwetu kila siku. Sheria ya KEBS, shirika letu la viwango, hairuhusu gari kuukuu la zaidi ya miaka minane kuingia nchini. Toyota walianza kuweka ule mfumo wao wa kumsaidia dereva, Safety Sense, mwaka 2015. Subaru na wa kwao, EyeSight, walianza Japani mwaka 2008. Piga hesabu. Toyota Fielder nyingi unazoziona pale Ngara zikisubiri abiria wa teksi za programu zina kamera na breki inayojikamata yenyewe. Mwenyewe hajui. Aliyemuuzia hajui. Na mimi, niseme ukweli, miaka ya kwanza sikujua.

Acha niwaeleze kinachotokea, maana hapa ndipo panaponiuma.

Jiwe linaruka Mombasa Road, kioo cha mbele kinapasuka. Mteja anakuja anataka kioo cha bei nafuu. Tunatoa cha zamani, kamera tunaining'iniza kwa waya zake, tunapachika kipya, tunairudisha kamera kwenye kishikio chake, gari linaondoka likiwa safi. Kwa jicho ni sawa. Lakini ile kamera ilipimwa kiwandani kwa kioo kile, kwa pembe ile. Baada ya kubadilisha kioo inatakiwa ipimwe upya, kwa ubao maalumu mbele ya gari au kwa kuliendesha gari huku kompyuta imeunganishwa. Sisi tunaita kalibresheni. Ukiiruka, na kamera ikawa imeelekea kando kwa digrii moja tu, kitu kilicho mbele mita 50 inakiona kimesogea karibu sentimita 87. Kwa mita 100 ni mita 1.75, yaani nusu ya upana wa njia moja ya gari. Gari lililo kwenye njia ya jirani linaonekana kama liko mbele yako. Au lililo mbele yako linaonekana liko pembeni, na hilo ndilo baya zaidi.

Kuna rada pia. Kwenye magari mengi imekaa nyuma ya nembo ya mbele au ndani ya bampa. Mtu akigongwa kidogo kwenye foleni, tunanyoosha bampa, tunapaka rangi, nembo iliyovunjika tunaweka nyingine iliyofanana. Nembo ile ya mwanzo ilitengenezwa ili mawimbi ya rada yapite. Hiyo nyingine huenda ikayazuia.

Halafu sisi Wakenya tunapenda kuinua magari. Matuta ni makubwa, gari liko chini, unaweka spesa, vile vipande vya kuinulia, gari linapanda. Kamera nayo imepanda, na kama umeinua nyuma zaidi ya mbele, sasa inatazama lami karibu na bonneti badala ya kutazama mbali. Gari linaendelea kukuamini na wewe unaendelea kuliamini, na kati yenu hakuna aliyepimwa upya.

Mimi siku hizi namwambia mteja mapema: ama tutafute anayepima, ama tuzime mfumo huo kabisa na nikuandikie kwenye risiti kwamba umezimwa. Wengine hukasirika. Kuna aliyeniambia natafuta pesa ya ziada. Bado nasema, maana siwezi kumrudishia mtu gari lenye jicho moja likiwa makengeza halafu nimpungie mkono.

MwalimuWaBreki

Fundi, Mungu akubariki. Umenifungua macho kwa lile la spesa, kaka yangu ameliinua lile gari mwaka jana.

MwanaRongai, hoja yako ya mistari ni ya kweli na ndiyo hasa sababu ya uzi huu. Wenye barabara zenye mistari wana gari linaloshika usukani muda mrefu, na dereva huzoea. Sisi mfumo hushika pale mstari unapoonekana na kuachia pale uliposuguka. Barabara moja, kutoka Westlands mpaka Uthiru, unaweza kushikwa na kuachiwa mara nyingi, na alama pekee ni taa ndogo kwenye dashibodi inayobadilika kutoka kijani kuwa nyeupe. Mimi nikimwachia mwanafunzi usukani namwambia kwa sauti. Gari hili linaachia kimya kimya.

Na mnielewe: sipingi breki inayojikamata. Nimeifanya kazi hiyo kwa mguu wangu miaka 17. Tofauti ni kwamba mwanafunzi anajua niko pale.

KitiChaMbele

Nimeendesha matatu tangu kabla ya sheria za Michuki. Wengi hapa ni vijana, niwakumbushe kwamba mwaka 2004 marehemu John Michuki, akiwa waziri wa uchukuzi, alitulazimisha mikanda, ule mstari wa manjano ubavuni, na gavana, kile kidhibiti mwendo, ya km 80 kwa saa. Kwa hiyo mwalimu, mkono wa mtambo kwenye gari mimi nimekaa nao zaidi ya miaka 20.

Nieleze ulivyo. Barabara ya Nakuru, unalipita lori. Umehesabu nafasi yako, umeingia upande wa pili, unakanyaga mafuta. Ukifika 80, gari linakata nguvu. Halizimi, linakataa tu. Uko katikati ya kupita, lori halipungui, na mbele taa zinakuja. Mara ya kwanza nilikanyaga mpaka mguu ukagonga sakafu nikidhani injini imekufa. Niliporudi nyuma ya lori jasho lilikuwa linanitiririka, na abiria wa nyuma wananitukana.

Kuna wenzangu waliona hivyo wakaenda kwa fundi, waya ikakatwa, maisha yakaendelea. Mimi sikukata, na siwalaumu waliokuwa na hofu, nalaumu kwamba hakuna aliyetuketisha hata saa moja kutuonyesha jinsi ya kuendesha gari lenye gavana. Lilifungwa tu. Baada ya miezi nilijifunza mwenyewe: unahesabu upitaji wako kwa nguvu utakayokuwa nayo, si kwa ile uliyozoea. Ukishajua mtambo utakataa wapi, unapanga nao. Usipojua, unapigana nao. Na gavana ile iliokoa watu, nasema hivyo nikiwa dereva.

MwalimuWaBreki

Mzee wangu, "unapanga nao, unapigana nao." Acha nikae hapo kidogo kwa sababu kuna jambo la Nairobi kabisa linalohusu kupigana na mtambo.

Tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Ethiopian Airlines, safari 302, iliondoka Addis Ababa kuja hapa uwanja wa ndege wa JKIA. Ilikaa hewani dakika sita. Watu wote 157 walifariki karibu na Bishoftu, na Wakenya walikuwa wengi kuliko taifa lolote lingine. Wapo watu wa mji huu waliokuwa wamesimama pale uwanjani wakisubiri wageni wao.

Ndege ile, Boeing 737 MAX, ilikuwa na mfumo uitwao MCAS ulioweza kusukuma pua ya ndege chini wenyewe ikiwa kihisio kimeuambia kwamba pua imeinuka mno. Ulisikiliza kihisio kimoja tu. Kihisio hicho kikatoa taarifa ya uongo, mfumo ukasukuma chini, marubani wakavuta juu, mfumo ukasukuma tena. Miezi michache kabla, Oktoba 2018, ndege ya aina hiyo hiyo ya Lion Air ilikuwa imeanguka Indonesia na watu 189 kwa namna inayofanana. Na kabla ya ajali hiyo ya kwanza, vitabu vya marubani havikuwa hata vimewaeleza kwamba kuna mfumo kama huo ndani ya ndege.

Najua gari si ndege. Lakini nikisoma habari zile naona ile sekunde yangu ya City Stadium imenyooshwa ikawa dakika sita. Wawili wameshika, mmoja hajui mwenzake anafikiri nini, na mwenye nguvu zaidi ndiye aliyekosea. Kwa hiyo mtu akiniambia mfumo fulani ni salama, swali langu la kwanza ni: ukikosea, nani anashinda, na dereva ameambiwa?

NavukaOuterRing

Mimi sina gari. Navuka Outer Ring kila jioni pale karibu na Taj Mall ya zamani, daraja liko mbali na nikiwa na mtoto mgongoni siendi. Swali langu ni fupi. Hilo gari linaniona?

MwalimuWaBreki

Dada yangu, swali lako ndilo zito kuliko yote hapa, nitakujibu bila kuficha.

Tarehe 18 Machi 2018, mji wa Tempe, Arizona, mwanamke mmoja alikuwa anavuka barabara usiku akisukuma baiskeli, mahali pasipo na kivuko. Gari la majaribio la Uber, Volvo iliyokuwa inaendeshwa na kompyuta, likamgonga akafa. Bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri ilichambua kumbukumbu za gari. Mitambo ilikuwa imemwona sekunde 5.6 kabla. Sekunde tano na nusu ni muda mrefu sana, mimi na breki yangu nisingehitaji hata mbili. Lakini programu ilishindwa kuamua ni nini: mara gari, mara kitu kisichojulikana, mara baiskeli, na kila ilipobadilisha jina ilianza upya kukadiria anaelekea wapi. Na hili ndilo lililonikosesha usingizi: haikuwa imetengenezwa kumfikiria mtu anayevuka mahali pasipo na kivuko. Breki ya dharura ya Volvo yenyewe ilikuwa imezimwa wakati kompyuta inaendesha, ili mifumo miwili isigongane. Ndani alikuwemo mtu wa kusimamia. Alikuwa akitazama simu.

Watu walimlaumu sana yule msimamizi, na kweli alihukumiwa kifungo cha nje mwaka 2023. Mimi sitamtetea kwa simu. Ila niwaambie kitu kuhusu kazi ya kusimamia, maana ni kazi yangu. Kumtazama mwingine akiendesha vizuri kunachosha kuliko kuendesha. Mwanafunzi mbaya hanichoshi, kila dakika ananiamsha. Anayenichosha ni yule aliyekaribia kufuzu, ambaye kwa dakika arobaini hakosei. Macho yangu yako barabarani lakini akili imeshafika nyumbani kupika. Mwaka 1948 mtafiti Mwingereza, Norman Mackworth, aliwaketisha watu mbele ya saa yenye mkono mmoja wakingojea uruke hatua mbili badala ya moja. Alikuwa anachunguza kwa nini watazamaji wa rada huwakosa adui. Baada ya nusu saa tu walikuwa wanakosa zaidi. Hawakuwa wavivu. Ndivyo tulivyoumbwa.

Kwa hiyo dada, jibu: magari mengi mapya yanaweza kumwona mtu anayetembea, mchana vizuri kuliko usiku. Lakini usivuke kwa kuliamini. Na mwenye gari asiendeshe kwa kuliamini. Aliyeketi ndani bado ndiye dereva wako.

KambaYaPunda

Nimesoma yote nikamkumbuka marehemu baba. Kiserian, mkokoteni wa maji, punda wawili. Nikiwa na miaka kumi alinipa kamba akaniambia maneno ambayo sikuyaelewa siku hiyo: kamba ikilegea, njia ni ya punda; kamba ikikazika, njia ni yako; usiishike katikati, utamchanganya. Punda wale walijua kisima kilipo kuliko mimi. Walijua shimo liko wapi gizani. Lakini lori likipiga honi nyuma, hapo baba alikuwa akikaza kamba kabla punda hajaogopa, naye punda alikuwa akisikia kwenye mdomo wake kwamba mzee ameamka.

Na punda asipoelewa husimama. Watu wanasema ni ukaidi. Baba alisema anauliza.

MwalimuWaBreki

Ndugu, unajua ulichokisema? Mwaka 2003 mhandisi Mjerumani Frank Flemisch, akiwa na wenzake wa NASA, shirika la anga la Marekani, aliandika karibu hilo hilo kwa farasi. Alitaka chombo cha kusafiria kiwe kama farasi na mpanda farasi: hatamu ikikazwa, mtu anaongoza kwa karibu, ikilegezwa, farasi anachukua zaidi, na kupitia hatamu hiyo hiyo kila mmoja anahisi mwenzake anataka nini. Baba yako alikuwa na maarifa hayo kwenye kiganja, Kiserian.

Ndiyo maana usukani unaosukuma si wazo baya. Mkono unafahamu haraka kuliko jicho linalosoma taa. Ubaya ni pale kamba inapoguswa na mtu hajafundishwa maana yake.

La punda kusimama nalo lipo. Kuna ngazi za magari haya, wenyewe wamezipanga kuanzia 0 hadi 5. Magari yetu ya mtumba yako kati ya 0 na 2: yanaonya au yanasaidia, lakini dereva ni wewe kila sekunde. Ngazi ya 3 ndiyo mpya: gari linaendesha, unaruhusiwa kuondoa macho, ila likikuita lazima urudi. Honda walikuwa wa kwanza kuiuza, Japani mwaka 2021, magari 100 tu ya kukodisha. Mercedes wakapata kibali Ujerumani mwishoni mwa mwaka huo, kwanza kwa foleni za barabara kuu, mwendo usiozidi km 60 kwa saa. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 157 inasema gari likikuita na usipoitika, baada ya angalau sekunde 10 linaanza kujisimamisha lenyewe na taa za tahadhari zikiwaka. Linauliza kama punda, halafu linasimama.

Sekunde 10 zatosha? Mikono hurudi kwenye usukani upesi, sekunde mbili tatu. Akili huchelewa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leeds, kwenye kiigizo cha udereva, mwaka 2014 waliona madereva walihitaji sekunde 35 hadi 40 baada ya kupokea gari ndipo mkono wao wa usukani utulie kama wa mtu aliyekuwa akiendesha wakati wote. Nami naona hivyo hivyo kwa wanafunzi. Nikimrudishia gari katikati ya mzunguko analiyumbisha. Nikimrudishia mahali palipo wazi, kabla ya mzunguko, analibeba vizuri. Muda wa kukabidhi huchaguliwa na anayekabidhi, na asiyeona mbali hawezi kuuchagua.

MamaWawili

Na likigonga wakati lenyewe ndilo limeshika, bima inamlipa nani? Mimi nina Honda Vezel, kila mwezi nalipa.

HatiNaBarabara

Mama, kwa Kenya Sheria ya Trafiki, Sura 403, iliandikwa ikimjua dereva kuwa mtu. Kwa gari lako ni wewe, bila mjadala, hata kama breki ilijikamata. Uingereza wamepitisha sheria mwaka 2024 inayosema mtu aliyeketi kwenye gari lililoidhinishwa kujiendesha hashtakiwi kwa namna gari lilivyoendesha wakati mfumo umeshika. Kosa linaenda kwa kampuni iliyoliombea kibali. Sisi hatujafika huko. Usikubali muuzaji akuambie "hili linajiendesha."

MwanaRongai

Mwalimu, nimerudi. Nilikuja hapa na kiburi, naomba radhi.

Jana baada ya kusoma post ya fundi nilishuka kwenye maegesho kuangalia Fielder yangu. Tangu nilinunue kuna taa ya manjano kwenye dashibodi, gari dogo na mistari, sijawahi kujua ni ya nini. Nikamulika kwa simu juu ya kioo. Kamera ipo. Na nusu yake imefunikwa na stika ya bima, niliibandika mwenyewe Januari. Chini ya hiyo kulikuwa na nyingine ya mwenye gari wa kwanza.

Nimezitoa kwa maji moto na wembe, taratibu. Leo asubuhi Magadi Road, hapo karibu na Galleria ambapo kuna mistari, taa haikuwaka. Nilipovuka mstari kidogo gari likalia. Niliruka kitini. Mke wangu akauliza nani anapiga kelele.

Naomba kujifunza. Nina leseni miaka tisa lakini naona hili sikufundishwa.

MwalimuWaBreki

Karibu sana kaka, na mwambie shemeji aje pia kama naye huliendesha.

Jumamosi saa moja asubuhi, kabla magari hayajawa mengi. Pitia kwanza kwa fundi akupime hiyo kamera, maana stika ikitoka bado hatujui inaangalia wapi. Tafuta mtu akutafsirie menyu ya Kijapani, au piga picha kila ukurasa uje nazo, siku hizi simu inatafsiri. Tutaanza na gari limesimama: wewe unataja kila taa, mimi naandika. Kisha tutaenda kwenye mistari, tutavuka kwa indiketa na bila indiketa, mpaka mlio huo usikushtue tena.

Mimi nitakaa upande wa abiria. Gari lako halina breki ya pili, kwa hiyo nikisema "Nachukua" nitamaanisha usukani tu. Wewe jibu kwa sauti.